KUFANANA SI KUWA SAWA: TUCHAGUE KWA AKILI CHUMA CHA POMPI ZA MOTO



Kila mtu wa atelie analijua neno hili: “Inafanana kabisa.” Pompi imesimama, uzalishaji umesimama, kapita anahesabu saa. Mtu anafika kutoka mjini na piesi mpya iliyosubiwa kwa kufuata sura ya ile ya zamani. Inapimwa: upana ni ule ule, matundu ya buloni yanaangukia mahali pake, hata rangi imepakwa. Wote wanafurahi. “Inafanana kabisa, ifungwe!”

Mawazo yangu ni haya: kwa pompi ya maji baridi ya kufulia mchanga, neno hilo linaweza kupita. Kwa pompi ya moto, neno hilo lipigwe marufuku. Moto hauangalii sura ya piesi. Moto unauliza swali moja tu: wewe umetengenezwa kwa metali gani? Na kama hakuna mtu mwenye jibu lililoandikwa, basi jibu litatoka siku pompi inapasuka, mbele ya mtu anayeilinda.

Moto gani tunaousema?

Mtu akisikia moto katika kiwanda cha dhahabu, anafikiri tanuru. Kweli, dhahabu inayeyuka kwenye digrii 1,064. Lakini pale hakuna pompi. Dhahabu inamiminwa kutoka chunguni. Pompi za moto ziko kando, na kwa kuwa haziwaki, watu hawaziogopi.

Ya kwanza ni pompi ya kuvulia dhahabu kwenye kaboni. Katika viwanda vinavyokamata dhahabu kwa kaboni, kama kile cha Twangiza, kule Luhwindja, kilichoanza kuzalisha kibiashara mwaka 2012, kaboni iliyoshiba dhahabu inaoshwa kwa maji ya moto yenye soda kali na sianidi. Katika kazi ya namna hii joto huwa kati ya digrii 110 na 140, ndani ya mtambo uliofungwa wenye shinikizo. Ya pili ni pompi ya mafuta ya kupashia joto, ambayo kwenye mitambo mingine yanafika karibu digrii 300. Ya tatu ni pompi inayolisha shodieri maji. Ya nne ni pompi za metali iliyoyeyuka, kwa wale wanaofanya kazi penye kuyeyusha bati, kazi iliyofanyika zamani kule Manono, na ambayo jirani zetu wa Kigali wanaijua pale Karuruma.

Na tusisahau kimo chetu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Maji ya bugali hapa yanachemka kwenye digrii 95, si 100 kama kule Matadi. Akina mama wanajua maharagwe yanavyochelewa kuiva. Pompi ya maji ya moto iliyochaguliwa kwa mji wa pwani, ikiletwa huku milimani, maji yanaanza kuchemka mdomoni mwake mapema zaidi. Mapovu yanapasukia juu ya gurudumu la ndani na kulitoboa kama mchwa anavyotoboa mlango. Fonti na shaba za kawaida zinaliwa upesi kwa namna hiyo. Inoksi nzuri inavumilia zaidi. Kwa hiyo hata kimo cha mlima kinaingia katika kuchagua chuma.

Joto linaifanyia nini metali?

Tuseme kwa maneno mepesi. Joto linaifanyia metali mambo manne.

Kwanza, linailegeza. Chuma chenye kubeba mzigo mzito kikiwa baridi, kikiwa cha moto kinabeba mdogo zaidi. Na kikikaa miaka kwenye joto kali chini ya shinikizo, kinanyooka polepole bila mtu kuona, mpaka siku ya kukatika.

Pili, linaitanua, na metali hazitanuki sawa. Mita moja ya chuma cha pua cha kawaida ikiongezewa digrii 100 inarefuka karibu milimita 1.2, inoksi inarefuka karibu 1.7. Chukua gurudumu la pompi lenye kipenyo cha milimita 300, likapanda digrii 200: la chuma cha pua litatanuka milimita 0.7, la inoksi milimita 1. Tofauti ni milimita 0.3. Ni kidogo? Nafasi inayoachwa kati ya gurudumu na pete yake huwa sehemu za milimita tu. Piesi ilizunguka vizuri kabisa ikiwa baridi mezani. Ikishika moto, inasuguana na kunata.

Tatu, linaibadilisha ndani. Chuma cha pua cha kawaida kikikaa muda mrefu juu ya digrii 425, kaboni yake inajitenga na kuwa grafiti, na nguvu inapungua. Nje kinaonekana kizima.

Nne, joto linakipa kilichomo ndani ya pompi meno ya kuila metali. Soda isiyofanya kitu ikiwa baridi, ikiwa ya moto inapasua chuma cha pua kwenye maungio yaliyochomelewa.

Fonti mbili, sura moja

Hapa ndipo hatari yetu kubwa ilipo, na naomba mnisikilize vizuri.

Watengenezaji wengi hutumia fonti kwa nyumba ya pompi ya mafuta ya moto, mpaka digrii 350. Mtu akisikia hivyo anasema: “Basi, fonti ni fonti, tutaisubu hapa.” Hapana. Hiyo ni fonti iliyotiwa magnesi kidogo wakati wa kuyeyuka, ili grafiti yake ijikusanye kama punje za mtama. Fonti hiyo ukiipiga inapinda kidogo kabla ya kuvunjika. Fonti ya kijivu, ile inayotoka katika fonderi ndogo kwa kuyeyusha mabloku ya injini na vyuma vikuukuu, grafiti yake iko kama majani membamba. Kila jani ni mwanzo wa ufa. Fonti hiyo inavunjika kama chungu cha udongo: haipindi, haionyi. Viwango vya Marekani vya flanji za fonti ya kijivu vinaishia karibu digrii 230, na hapo ni fonti iliyopimwa, si ya kubahatisha.

Sasa weka fonti hizi mbili juu ya meza, zikiwa zimepakwa rangi. Nani atazitofautisha kwa macho? Hakuna. Lakini moja ikifungwa mahali pa nyingine, mafuta ya digrii 300 yanalindwa na chungu.

Juu ya hapo kuna ngazi nyingine. Chuma cha pua cha kusubiwa kwa joto la kati. Chuma chenye kromu na molibdeni kidogo, kinachofika karibu digrii 590. Na aloi zenye kromu asilimia 25 na nikeli asilimia 20, zinazostahimili digrii 900 na zaidi katika matanuru. Kila ngazi ina bei yake. Si lazima kupanda ngazi ya juu kila mara. Lazima ni kujua uko ngazi gani.

Ghali haina maana ya kufaa

Wengine husema: “Tuweke inoksi kila mahali, tumalize maneno.” Nao wanakosea, na mfano mzuri unatoka katika bati letu wenyewe.

Bati la Kivu linakwenda ng’ambo, na sehemu kubwa ya bati duniani inatumiwa kulehemu nyaya za redio, simu na kompyuta. Zamani walichanganya bati na risasi. Tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza risasi katika vifaa hivyo, na viwanda vikaanza kutumia bati karibu tupu. Mashini za kulehemu zilikuwa na vyombo na pompi za inoksi, zilizofanya kazi miaka mingi bila shida. Bati la moto likaanza kuzila. Magurudumu ya pompi yakatoboka, na watengenezaji wakalazimika kuhamia kwenye titani au kuipaka inoksi ngozi ya kuikinga. Hilo lilitokea kwenye joto la digrii 260 hivi, ambalo kwa inoksi si kitu. Si joto peke yake lililoishinda, ni bati. Risasi iliyoyeyuka karibu haiigusi chuma, bati linaila, zinki inaila, aluminiamu inaila.

Tazama pia pompi ya kuvulia dhahabu. Metali ambazo mafundi wetu wa mjini wanazijua sana kusubu ni aluminiamu na shaba. Aluminiamu ndani ya soda ya moto inayeyuka na kutoa hewa inayowaka. Shaba inayeyushwa na sianidi, kama vile dhahabu inavyoyeyushwa. Yaani metali rahisi kupatikana ndizo hasa zisizotakiwa pale.

Kwa hiyo swali la kuchagua lina sehemu tatu, na zote tatu zijibiwe pamoja: joto gani, shinikizo gani, na kitu gani kinapita ndani?

Yaliyowapata wengine

Asifikiri mtu kwamba makosa haya ni ya maskini tu. Tarehe 28 Julai 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kule Texas City, Marekani, kona ya bomba ilipasuka na moto mkubwa ukawaka. Uchunguzi wa serikali ulionyesha sababu. Mwezi wa Februari mwaka huo, wakati wa matengenezo, kona tatu zilizofanana zilifunguliwa. Mbili zilikuwa za chuma chenye kromu, moja ya chuma cha kawaida. Wakati wa kurudisha, moja ya kawaida ikafungwa mahali pa moja ya kromu. Ilikaa pale miezi mitano tu, hidrojeni ya moto ikailegeza ndani, ikapasuka. Hasara ilikuwa dola milioni 30. Mfanyakazi mmoja aliumia kidogo. Ni bahati, si akili.

Kiwanda kile kilikuwa na mainzhinia wengi, maabara na fedha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kukaza buloni: hii ni metali gani? Kona zilikuwa “zinafanana kabisa.”

“Lakini uzalishaji utasimama”

Najua jibu litakalotolewa, nalo si la kudharau. Piesi ya kweli inatoka mbali. Inapita bandari, mpaka, na barabara ambazo kila mtu wa Kivu anazijua. Inaweza kuchukua wiki nyingi, na pompi ikisimama, prime ya mwisho wa mwezi inasimama pia. Tena tabia ya kubuni piesi haikutoka hewani. SOMINKI ilipoundwa mwaka 1976 ilikusanya mitambo ya kampani nyingi za zamani, na bei ya bati ilipoanguka mwezi wa Oktoba 1985, fedha za kununulia zikawa shida. Fundi aliyeweza kufufua mashini kwa vyuma vya porini aliheshimiwa, na alistahili heshima.

Lakini tutofautishe. Ufundi wa kubuni uendelee kwenye magurudumu ya mkanda, vishikizo, vizito na vifuniko vya maji baridi. Kwenye pompi ya moto, wiki za kungoja ni gharama inayojulikana. Pompi kupasuka ni gharama isiyojulikana. Maji ya digrii 140 yakipata ufa, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Anayesimama pale hapati nafasi ya kukimbia. Mafuta ya moto yakitoka, yanatafuta cheche.

Dawa ya kuchelewa ni kuwa na piesi ya akiba magazini kabla ya ajali. Kampani inayosema haina fedha ya piesi mbili za pompi ya moto ijiulize kama ina fedha ya kumlea mjane na watoto.

Wala sisemi kwamba Mwafrika hawezi kusubu. Kule Likasi, atelie za Panda za Gécamines zilisubu vipuri vya migodi mikubwa. Tofauti ya fonderi nzuri na mbaya si nchi iliko. Tofauti ni kupima: kujua kilichoingia chunguni, kupima kilichotoka, na kukiandika. Inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba kobalti ya Kolwezi ndiyo inayotia ugumu kwenye aloi za kufunika piesi zinazosuguana katika joto, na niobi, inayochimbwa pamoja na koltani yetu, inaimarisha inoksi za joto kali. Tunachimba dawa, halafu tunajitibu kwa kubahatisha.

Namna ya kuitambua metali

Sumaku inasaidia kidogo. Ikikamata kwa nguvu, piesi hiyo si inoksi ya kromu na nikeli. Lakini chuma cha kawaida na chuma cha kromu kidogo vyote vinakamatwa, sumaku haivitofautishi.

Jiwe la kunolea linasaidia zaidi, mikononi mwa fundi mzoefu. Fonti inatoa cheche fupi nyekundu. Chuma cha pua cha kawaida kinatoa cheche nyeupe zenye matawi. Inoksi inatoa chache, zisizo na matawi mengi. Hata hivyo ni kukisia.

Njia ya hakika haiko mbali nasi. Katika komptuari za madini za Bukavu kuna chombo cha mkononi, mfano wa bastola, kinachopiga miali juu ya koltani na kusoma ina tantali kiasi gani. Chombo cha aina hiyo hiyo, kikipangwa kwa kazi ya metali, kinasoma kromu, nikeli na molibdeni za piesi kwa dakika chache. Hakisomi kaboni, na hakitaonyesha umbo la grafiti ndani ya fonti. Kwa hayo inabaki maabara na karatasi ya mtengenezaji. Lakini kingetukinga na makosa mengi. Ikiwa tunacho cha kupimia mali ya kuuza, tunashindwaje kupima chuma kinachotulinda?

Tunaomba nini?

1. Kila pompi ya moto iandikwe katika daftari: joto, shinikizo, kinachopita ndani, na jina la aloi ya kila piesi.
2. Anayenunua apewe jina la aloi, si mchoro wa sura peke yake. Piesi isiyo na karatasi isiingie magazini.
3. Piesi za pompi ya moto ziwe na alama ya kudumu na rafu yake.
4. Zikifunguliwa pamoja piesi zinazofanana, kila moja iandikwe mahali ilipotoka kabla ya kuwekwa chini.
5. Mfanyakazi akikataa kufunga piesi isiyojulikana, asiadhibiwe. Akikaza buloni huku anasitasita, ni sisi wote tumekosa.
6. Pompi ya moto ipashwe polepole. Kutia maji baridi ghafula juu ya nyumba ya moto kunaipasua hata aloi nzuri.

Kwa afya yetu

Mafundi wa kuunga vyuma, mjue: moshi wa kuchomelea inoksi na vyuma vya kromu una kromu yenye sumu inayoweza kuleta kansa ya mapafu. Fanyeni kazi penye hewa inayopita, na barakoa ya kufaa. Wanaofungua pompi za zamani, mjue kwamba vizibo na kamba zake huenda ni za amianti. Msivikwangue vikiwa vikavu, wala msivipulize kwa hewa. Vilowesheni kwanza, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa na mama.

Mtu akiungua: maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Akimwagikiwa soda, avuliwe nguo na kuoshwa kwa maji mengi mara moja. Macho yaoshwe kwanza. Kisha hospitali.

Na ninyi akina mama, metali isiyojulikana iko jikoni pia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 juu ya sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu nchini Kamerun ulikuta risasi inayotoka na kuingia katika chakula. Msipikie wala kulaza vitu vya ukali kama nyanya na ndimu ndani ya sufuria za namna hiyo. Na mume akirudi akisema leo alikataa kufunga piesi, na kazi ikachelewa, msimlaumu kwa prime iliyopungua. Mwambieni amefanya vizuri. Amerudi.

Wafanyakazi wenzangu, tusiulize tena kama piesi inafanana. Tuulize ni metali gani, na nani ameandika.

PIESI BILA KARATASI, POMPI BILA MOTO.